Wiki za mimba kwenye tone la kisigino: mwongozo kamili wa kukadiria umri wa mtoto njiti kwa kadi ya damu

Watoto wawili wamelazwa kwenye kitanda kimoja cha joto. Mizani inasema kila mmoja ana gramu 2,000. Wa kwanza kazaliwa wiki ya 33: mapafu yake bado hayajatosheleza utelezi wa kuyazuia yasinate, husahau kupumua akilala, na kunyonya, kumeza na kuvuta pumzi bado havijapatana. Wa pili kazaliwa wiki ya 38, ila tumboni hakushiba kwa sababu kondo la nyuma lilichoka mapema. Mapafu yake yamekomaa na ananyonya kwa pupa, lakini sukari yake inaweza kuporomoka usiku huu huu. Ukiwatunza kwa namna moja, mmoja wao utamkosea.

Kinachowatofautisha ni umri wa mimba. Na hapo ndipo tunapokwama. Mama alianza kliniki mimba ikiwa na miezi sita. Ultrasaundi hakupiga. Siku zake za mwisho hazikumbuki, au alishika mimba hii kabla hajaona siku zake tangu uzazi uliopita, au alikuwa ametoka tu kuacha sindano ya uzazi wa mpango. Kwenye faili tunaandika "wiki 36" na alama ya kuuliza pembeni, na alama hiyo inamfuata mtoto maisha yake yote.

Kwa miaka kadhaa sasa kuna njia nyingine ya kuuliza swali hili baada ya mtoto kuzaliwa: tone la damu ya kisigino, lililokaushwa kwenye kadi, likapimwa kemikali zake, na kompyuta ikakadiria wiki. Nimeandika mwongozo huu kwa wakunga, wauguzi wa wodi za njiti na wenzetu wa maabara, na pia kwa mzazi anayetaka kujua mtoto wake alichomwa kwa nini. Kabla ya yote niseme ninaloliamini baada ya kushika visigino vingi: kipimo hiki hupona au huharibika mikononi mwa anayechukua damu. Kompyuta haiwezi kuokoa kadi mbovu.

Damu inajuaje mtoto ana wiki ngapi?

Kadi yenyewe ni ya zamani. Mapema miaka ya 1960, Robert Guthrie huko Buffalo, jimbo la New York, aligundua kwamba tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linatosha kumtambua mtoto mwenye fenilketonuria, ugonjwa wa kuzaliwa nao unaoharibu ubongo kama mtoto hakubadilishiwa chakula mapema. Miaka ya 1990 zikaja spektromita za masi, mashine zinazotenganisha kemikali kwa uzito wa molekuli zake, na kipande kimoja kidogo cha karatasi kikaanza kutoa majibu ya makumi ya vitu kwa mkupuo. Nchi nyingi tajiri leo humpima hivyo kila mtoto anayezaliwa. Kwetu karatasi hiyo tunaijua kwa jina la kadi ya DBS, ile ile tunayomchukulia damu mtoto wa mama mwenye VVU.

Watafiti walipoyatazama majibu ya mamia ya maelfu ya watoto waliona kitu ambacho wahudumu wa maabara walikuwa wakikilalamikia siku zote: njiti huharibu viwango. Karibu kila kipimo chao huenda kombo. Lalamiko hilo likageuzwa kuwa swali. Kama kemikali zinabadilika kufuatana na wiki za mimba, je, hatuwezi kuanza na kemikali tukarudi hadi kwenye wiki?

Kinachobeba uzito mkubwa ni himoglobini. Tumboni mtoto hutumia himoglobini ya kijusi, inayong'ang'ania oksijeni kutoka kwa mama. Mimba inapokaribia kutimia, himoglobini ya kikubwa huanza kuchukua nafasi yake. Mtoto wa wiki 30 ana himoglobini ya kijusi tupu, karibu yote, na wa wiki 40 tayari ana sehemu nzuri ya ile ya kikubwa. Uwiano wa hizo mbili ni kama saa ya mshale.

Homoni nazo zina lake. Ile iitwayo 17-OHP, inayotoka kwenye tezi za adrenali, huwa juu kwa njiti kwa sababu tezi ni changa na mwili uko kwenye msukosuko. TSH, homoni inayoiamsha tezi ya thairoidi, hupanda kwa kishindo dakika chache baada ya kuzaliwa kisha hushuka, na kwa njiti kishindo hicho ni hafifu. Halafu kuna asidi amino, ambazo hueleza jinsi ini linavyoshughulikia protini, na asilikanitini, ambazo hueleza jinsi mwili unavyochoma mafuta. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Zikikusanywa pamoja na uzito na jinsia ya mtoto, picha hutokea.

Mwaka 2016 vikundi vitatu vilichapisha kazi zao kwa karibu wakati mmoja: kimoja cha Ontario nchini Kanada, na viwili vya Marekani, California na Iowa. Kwa ujumla, takribani watoto wawili kati ya watatu walikadiriwa ndani ya wiki moja ya umri wao wa kweli, na zaidi ya tisa kati ya kumi ndani ya wiki mbili. Swali lililobaki ni letu: modeli, yaani ile hesabu ya kompyuta, iliyofundishwa kwa watoto wa Ontario itamwelewa mtoto wa Kiafrika au wa Asia? Watafiti wa Kanada waliijaribu Matlab, Bangladesh, na ikasimama vizuri. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya watoto wa Sylhet (Bangladesh), Karachi (Pakistan) na Pemba, ambao mama zao walipigwa ultrasaundi mimba ikiwa changa. Nchini Uganda, damu ya kitovu ya watoto wa Busia nayo ilitumika kupima modeli za aina hii. Kwa hiyo jambo hili halitusubiri ng'ambo. Watoto wetu wamo tayari ndani ya ushahidi.

Hatua ya kwanza: maliza njia nyingine zote

Kadi haichukui nafasi ya historia ya mama. Anza na ultrasaundi kama ipo, na uangalie ilipigwa lini. Ya kabla ya wiki 14 inakosea kwa siku 5 hadi 7 tu, na hakuna kadi ya damu itakayoishinda. Ikiwa unayo, umri wa mimba umeshaupata, na kadi ikibishana nayo amini ultrasaundi. Ya wiki 22 hadi 27 inaweza kukosea wiki mbili. Ya baada ya wiki 28 inakosea hadi wiki tatu, na mtoto aliyedumaa tumboni itamwita mchanga kuliko alivyo.

Kama haipo, mkalishe mama na kumbukumbu zake. Usimuulize tarehe, kwa sababu wengi watakutajia yoyote ili wakuridhishe. Muulize matukio. "Dada, Ramadhani ilipoanza ulikuwa unafunga siku zote au ulikuwa na siku zako?" "Wakati wa kuchuma karafuu ulikuwa umeshaanza kichefuchefu?" "Shule zilipofungwa mtoto alikuwa ameshacheza tumboni?" Bibi aliyekaa kando ya kitanda mara nyingi anajua kuliko mama mwenyewe. Andika tarehe uliyoipata pamoja na namna ulivyoipata.

Kisha mpime mtoto kwa kipimo cha Ballard: mkao wa viungo, ngozi, mistari ya wayo, sikio, matiti, sehemu za siri. Kinafanyika kitandani na hakigharimu kitu. Udhaifu wake ni kwamba huwazidishia umri wale wachanga sana, na watu wawili wakimpima mtoto mmoja hawatoki na jibu moja. Hata hivyo kifanye, kwa sababu jibu lake unalo leo.

Hatua ya pili: ridhaa na maandishi

Damu ya mtoto mchanga ni jambo zito katika jamii zetu, na uvumi kuhusu damu "inayopelekwa" hauishi. Mweleze mama kabla hujafungua kifaa chochote: ni matone machache, kwa ajili gani, kadi itakwenda wapi, itahifadhiwa muda gani na baadaye itafanywaje. Kama sampuli ni ya utafiti, sema ni ya utafiti, na useme pia kwamba akikataa, huduma ya mtoto haitapungua hata kidogo.

Halafu jaza kadi kabla ya kuchoma, kwa kalamu isiyofutika, bila kugusa miduara. Mambo ambayo watu huyaruka ndiyo yanayoua kipimo: saa ya kuzaliwa na saa ya kuchukua damu (saa, si tarehe peke yake), uzito wa kuzaliwa kwa gramu, jinsia, kama ni pacha, amekula nini mpaka sasa, kama amepewa lishe ya mshipani, kama ameongezewa damu na saa ngapi, na kama mama alichomwa steroidi, dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto, kabla ya kujifungua. Steroidi hizo zinaweza kuishusha 17-OHP ya mtoto. Modeli isipoambiwa itamwona amekomaa kuliko alivyo.

Hatua ya tatu: chagua saa

Muda mzuri ni kati ya saa 24 na 72 baada ya kuzaliwa, na wengi hulenga 24 hadi 48. Ukichukua mapema zaidi utaikuta TSH bado iko juu kwa kishindo cha kuzaliwa, na asidi amino na asilikanitini bado zinaeleza habari za mama na kondo kuliko za mtoto.

Najua pingamizi linalokuja: mama aliyejifungua salama anaruhusiwa siku hiyo hiyo, pengine baada ya saa sita. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuchukua damu ya kisigino wakati anaporudi kwa ukaguzi wa awali baada ya kujifungua, akirudi ndani ya muda. Ya pili ni damu ya kitovu, inayochukuliwa baada ya kondo kutoka bila kumchoma mtoto hata kidogo. Zipo modeli zilizotengenezwa kwa damu ya kitovu, ingawa kwa kawaida hukosea zaidi kidogo. Kosa kubwa ni kuichukua damu ya kitovu ukaiingiza kwenye modeli ya kisigino. Hizo ni lugha mbili tofauti.

Kwa njiti aliyelazwa kuna sheria isiyovunjwa: chukua kadi kabla ya kuongeza damu, hata kama hajafikisha saa 24. Damu anayoongezewa ni ya mtu mzima, imejaa himoglobini ya kikubwa. Baada ya mililita chache tu, saa niliyoisema hapo juu imesogezwa mbele, na mtoto wa wiki 29 anaweza kuonekana kama wa 36. Hakuna hesabu itakayolirekebisha hilo. Mwongozo wa kimataifa kwa watoto waliolazwa wodi za wachanga mahututi unapendekeza kadi tatu: anapolazwa, saa 48 hadi 72, na siku ya 28 au siku ya kuruhusiwa, lolote litakalotangulia. Ya kwanza ndiyo ya umri. Hizo nyingine mbili ni za kuhakikisha magonjwa yenyewe hayajapita bila kuonekana.

Hatua ya nne: kisigino

Hapa naomba tusikimbilie.

Mweke mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, na kama anaweza kunyonya basi anyonye. Hii hupunguza maumivu kweli kweli, na mtoto aliyetulia hutoa damu vizuri kuliko anayepiga mateke. Miguu iwe chini ya usawa wa moyo. Kipashe kisigino joto kwa kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzi 42, kwa dakika tatu hadi tano. Usijaribu kukisia joto kwa glovu. Jaribu kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako kwanza.

Chora kwa macho mistari miwili kwenye unyayo: mmoja kutoka katikati ya kidole gumba kushuka kisiginoni, mwingine kutoka kati ya kidole cha nne na cha tano. Choma nje ya mistari hiyo, pembeni, upande wa chini. Katikati ya kisigino na nyuma kwenye mpindo usiguse, mfupa uko karibu sana hapo. Lanseti, kile kichomeo kidogo cha kisigino, isizidi kina cha milimita 2, na kwa njiti tumia ile fupi iliyotengenezwa kwa ajili yao. Sindano ya kawaida haina kikomo cha kina, iache.

Safisha kwa spiriti ya asilimia 70, kisha subiri ikauke yenyewe. Spiriti iliyobaki huvunja chembe za damu na kuipunguza nguvu sampuli. Choma mara moja. Tone la kwanza lifute kwa shashi kavu kwa sababu limechanganyika na maji ya ngozi. Subiri tone kubwa lijikusanye, ligusishe kwenye karatasi katikati ya mduara, upande mmoja tu, na uiache karatasi iivute yenyewe mpaka doa lionekane sawasawa upande wa pili. Kisha mduara unaofuata.

Usikamue. Nalisema peke yake kwa sababu sote tumelifanya, hasa usiku, wodi imejaa na damu haitoki. Kukamua huvunja chembe na kuingiza majimaji ya nyama, na maabara itaona namba zisizo za mtoto yeyote. Unaweza kubana kwa upole na kuachia, kubana na kuachia. Damu ikikataa kabisa, pasha joto tena au tumia mguu wa pili. Na usirudie kudondosha tone juu ya doa lililokwisha kufyonzwa na karatasi: tabaka mbili za damu kwenye mduara mmoja humpa mashine dozi mbili. Ni heri miduara miwili iliyojaa vizuri kuliko mitano ya viraka.

Ukimaliza, bana kwa shashi safi mpaka damu ikome, na umrudishe mtoto kifuani.

Hatua ya tano: kukausha, hasa sisi wa Pwani

Kadi ilale mlalo kwenye kichanja, doa lisiguse kitu, hewani, kivulini, kwa saa tatu angalau. Jua halifai. Wala juu ya jokofu, wala mbele ya hita ya kitanda cha mtoto, mahali ambapo nimezikuta kadi mara nyingi. Doa lililokauka lina rangi ya kahawia iliyoiva. Likiwa bado na wekundu wa kung'aa, subiri.

Adui mkubwa ni unyevunyevu. Wakati wa masika, Unguja, Pemba, Tanga au Mombasa, saa tatu hazitoshi, na kadi iliyofungwa mbichi huota ukungu bahashani. Vimeng'enya hufa kwanza, kisha homoni na asidi amino nazo huyumba. Ikikauka, iweke kwenye mfuko wa kufunga kwa kubana usiopitisha hewa, pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu na kile kikadi kinachobadilika rangi unyevu ukizidi. Kikadi kikibadilika, badilisha vifuko. Tuma ndani ya saa 24 kama njia ipo. Isipokuwepo, ihifadhi kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sifuri, ikiwa ndani ya mfuko wake. Kadi ikitoka frizani, iache ifikie joto la chumba kabla ya kufungua mfuko, la sivyo umande utaifanyia ulichokuwa ukikizuia.

Hatua ya sita: maabara na modeli

Kwa mkunga, hatua hii hupita mbali. Vipande vyenye kipenyo cha milimita 3.2 hutobolewa kwenye doa na kupimwa, namba zinaingia kwenye modeli, wiki zinatoka. Kwa mwenye maabara au programu ya wilaya, yapo machache ya kusimamia.

Modeli ipimwe kwanza kwa watoto wa hapo hapo ambao umri wao unajulikana kwa ultrasaundi ya mapema. Mashine mbili za kampuni tofauti hazisomi sawa, na mtoto wa Pemba anakula, anaugua na kuzaliwa katika mazingira yake. Kosa la modeli litolewe kwa makundi: wote kwa pamoja, walio chini ya wiki 34, na wale wadogo kuliko umri wao. Jumla nzuri huficha ubovu, kwa sababu watoto wengi ni wa wiki 38 hadi 40, na modeli inayojibu "39" kwa kila mtu itaonekana ina akili.

Kisha selimundu (sikoseli). Hili lisisahaulike kabisa katika nchi zetu. Mtoto mwenye selimundu hana himoglobini ya kikubwa ya kawaida, ana ya kijusi na ya selimundu. Uwiano ukihesabiwa kwa ya kijusi dhidi ya ya kawaida peke yake, mtoto wa wiki 40 mwenye kilo tatu na nusu atasomeka kama njiti wa kupindukia. Hata mwenye vinasaba vya kurithi upande mmoja tu atavutwa kidogo. Majibu haya yatengwe na hesabu ya umri, na mtoto mwenye selimundu apelekwe kliniki haraka. Kwake hiyo ndiyo habari kubwa ya kadi.

Hatua ya saba: kuisoma namba

Jibu linarudi: 34.2. Kosa la kwanza la kusoma ni kuliita wiki 34 na siku 2. Hiyo ni desimali. Zidisha 0.2 kwa 7 upate 1.4, yaani wiki 34 na siku 1. Vivyo hivyo 36.9 ni wiki 36 na siku 6, ambaye bado ni njiti, kwa kuwa mpaka uko kwenye wiki 37 kamili.

Kosa la pili ni kuiamini kama tarehe. Kwa modeli nzuri, 34.2 maana yake ni kwamba yuko mahali fulani kati ya wiki 32 na 36. Namba isiyo na mipaka yake usiiandike popote.

La tatu ni mvuto wa katikati. Kwa kuwa modeli imefundishwa na watoto wengi waliotimia, huwavuta wote kuelekea huko. Njiti wa kweli wa wiki 30 anaweza kuitwa 32, na aliyepitiliza wiki 42 akaitwa 40. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo sana, ukweli pengine ni mdogo zaidi. Makosa huongezeka pia kwa wale waliodumaa tumboni, ambao ndio hasa tunaowahitaji kuwatofautisha. Nasema hili kwa masikitiko.

Weka kadi, Ballard na kumbukumbu za mama pamoja. Zikikubaliana ndani ya wiki mbili, umepata jibu. Kadi ikisema 38, Ballard 37, na mtoto ana gramu 1,900, huyo ni mdogo kuliko umri wake: fuatilia sukari, joto na maambukizi, na utafute sababu kwa mama, kuanzia shinikizo la damu hadi malaria. Kadi ikisema 36 na wewe unamwona mtoto ana ngozi ya kupenya mwanga, masikio laini na hana mistari ya wayo, rudi kwenye faili uangalie kama aliongezewa damu.

Hatua ya nane: hatari zake, na nini cha kufanya

Majibu huchukua siku, pengine wiki. Mtoto hasubiri. Huduma ya saa za mwanzo hufuata uzito na dalili: joto, pumzi, maziwa ya mama, na kumbeba kangaruu, yaani ngozi kwa ngozi kifuani. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa 2021, ulionyesha kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8, kulipunguza vifo kwa robo. Hakuna aliyehitaji spektromita kwa hilo. Na kadi haiwezi kumsaidia mama kabla ya uchungu, pale daktari anapoamua kuhusu steroidi. Huko inayosaidia zaidi ni ultrasaundi ya kabla ya wiki 24, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza.

Kadi inasaidia baadaye. Macho kwanza: njiti waliopewa oksijeni wanaweza kupofuka kwa ugonjwa wa retina, na uchunguzi unapangwa kwa wiki na uzito. India huwachunguza walio chini ya wiki 34 au chini ya gramu 2,000, ndani ya wiki nne tangu kuzaliwa. Mtoto aliyeandikwa 36 kwa kubahatisha, kumbe ni 33, huikosa siku hiyo.

Pili, ukuaji. Kwa miaka miwili ya mwanzo mpime kwa umri uliosahihishwa. Aliyezaliwa wiki ya 34 toa wiki 6: akiwa na wiki 13, mlinganishe na mtoto wa wiki 7. Mama atakuwa ameacha kulia kwamba mwanawe hatabasamu. Chanjo zenyewe huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, bila kutoa kitu.

Tatu, majibu ya magonjwa kwenye kadi hiyo hiyo. 17-OHP iliyo juu kwa njiti mara nyingi ni uchanga wake tu, kwa hiyo isomwe kwa viwango vya wiki zake. Kwa thairoidi ni kinyume: TSH ya kawaida siku ya tatu haimsafishi njiti, kwa sababu kupanda kwake huchelewa. Ndiyo sababu ya kadi ya siku ya 28.

Huko California watafiti wameona pia kwamba mpangilio wa asilikanitini unahusiana na hatari ya njiti kuoza utumbo, na kadi zinachunguzwa kwa hatari nyingine. Bado ni kazi ya utafiti. Tumbo likivimba na maziwa yakirudi ya kijani, mwite daktari sasa.

Pale kadi ilipo na nguvu kuliko njia nyingine yoyote ni kwenye kuhesabu. Mwaka 2020 inakadiriwa watoto milioni 13.4 walizaliwa njiti duniani, na sehemu kubwa ya hesabu hiyo kwa nchi kama zetu imejengwa juu ya makadirio. Makosa ya mtoto mmoja mmoja hupunguziana yakiwa maelfu, mradi ule mvuto wa katikati umesahihishwa. Wilaya inayochukua kadi safi kwa mwaka mzima inaweza kujua njiti wake ni wangapi na wanazaliwa wapi, ikaomba vitanda na oksijeni kwa namba zake yenyewe.

Jibu likifika, nakili kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, kwa mwandiko unaosomeka: "Umri wa mimba: wiki 34 na siku 1, kati ya 32 na 36, kwa kadi ya damu iliyochukuliwa saa 40 baada ya kuzaliwa. Hajaongezewa damu." Kisha mgeukie mama. Atauliza kama mwanawe alizaliwa kabla ya wakati kwa sababu ya kitu alichokifanya, na hilo kadi haikulipima. Mwambie: "Hapana, mama. Kadi imetuambia tu ameanza mapema, karibu wiki sita. Tutamhesabia hizo wiki zake."